Saa Zisizolipwa: Kazi ya Mtayarishaji wa Makala za Sauti Anayejitegemea

Mtayarishaji wa makala za sauti anayejitegemea huuza dakika, lakini hufanya kazi kwa saa, na pengo lililopo kati ya vipimo hivyo viwili ndilo linaloeleza mambo mengi ya kazi yake, kuanzia kipato na namna anavyochagua mada hadi sababu ya baadhi ya habari nzito kutosimuliwa kabisa. Mhariri anayenunua makala ya dakika 30 hununua kile kitakachosikika. Safari ya kumfuata shahidi aliyehama mji, mahojiano yaliyotupwa kwa sababu hayakuwa na jipya, siku za kusoma majalada ya mahakama na wiki nzima ya kusikiliza upya kila kilichorekodiwa havimo katika bei, ingawa bila hivyo dakika hizo 30 zisingekuwa na thamani. Kujitegemea katika kazi hii husifiwa mara nyingi kuwa ni uhuru wa mtu kujipangia saa zake, lakini maana yake halisi ni kutokuwa na mwajiri wa kudumu, kuuza kazi moja baada ya nyingine kwa vituo vya redio, magazeti au kampuni za podikasti, na kujigharimia vifaa, nauli, bima na siku za ugonjwa.

Podikasti ni mfululizo wa vipindi vya sauti vinavyosambazwa kwa intaneti kupitia mlisho, yaani faili dogo la maandishi linalotaja kila toleo jipya na mahali sauti yake ilipohifadhiwa, ili programu iliyomo katika simu ya msikilizaji ilipitie kila mara na kulivuta toleo hilo bila kuagizwa upya. Mfumo wa milisho unaojulikana kama RSS ulipewa uwezo wa kubeba sauti mwanzoni mwa miaka ya 2000, na mwezi Juni 2005 kampuni ya Apple iliziingiza podikasti katika programu yake ya iTunes, hatua iliyozifikisha kwa watu wasiojua lolote kuhusu milisho. Tangu hapo mtu hakuhitaji tena masafa wala mnara wa redio ili asikike duniani. Hata hivyo, kilichoshuka ni gharama ya kusambaza tu, kwani gharama ya kutayarisha ilibaki palepale kwa wale wanaofanya makala za uchunguzi na simulizi za kweli. Ndiyo maana podikasti nyingi ni mazungumzo ya watu wawili au watatu mbele ya maikrofoni, ambayo hurekodiwa kwa saa moja na kurushwa karibu yakiwa na urefu huohuo, na chache tu ni makala zilizojengwa kipande kwa kipande kutokana na mahojiano, sauti za mazingira, nyaraka na usimulizi. Makala haya yanahusu aina hiyo ya pili.

Tatizo la saa ni la zamani kuliko intaneti. Kabla ya vinasa sauti vya kubebeka kuenea katika miaka ya 1950, makala nyingi za redio nchini Uingereza ziliandikwa na mtayarishaji baada ya kuwahoji watu, kisha maneno yao yakasomwa na waigizaji studioni. Mwaka 1958 Charles Parker, mtayarishaji wa BBC mjini Birmingham, akishirikiana na wanamuziki Ewan MacColl na Peggy Seeger, alitoa makala iliyoitwa The Ballad of John Axon, kuhusu dereva wa treni aliyekufa mwaka uliotangulia akijaribu kulizuia garimoshi la mizigo lililopoteza breki. Ndani yake wafanyakazi wa reli walisikika kwa sauti zao wenyewe na kwa lafudhi zao, zikiwa zimesukwa pamoja na nyimbo zilizotungwa kwa kazi hiyo. Makala hiyo ilikuwa ya kwanza katika mfululizo uliofikia makala 8, na ulipositishwa mwaka 1964 sababu iliyotolewa ilikuwa gharama. Jambo hilo linafaa kukumbukwa kwa sababu lilitokea ndani ya shirika kubwa lenye fedha za umma, ambalo lilikubali kwamba kazi ilikuwa nzuri na bado likaona kwamba saa zake hazilipiki.

Nchini Marekani kazi ya namna hii ilipata makao katika redio za umma, ambazo hutegemea michango ya wasikilizaji, ruzuku na wafadhili. Mtandao wa NPR, ulioanzishwa mwaka 1970, ulinunua makala kutoka kwa watu wasiokuwa waajiriwa wake, na mwaka 1988 watu hao waliunda chama chao kiitwacho Association of Independents in Radio, ambacho kilitoa miongozo ya viwango vya malipo. Baadhi yao walitafuta njia ya kulikwepa tatizo la saa kwa kumkabidhi kinasa sauti yule anayesimuliwa. Mwaka 1993 David Isay aliwapa vifaa vijana wawili wa Chicago, LeAlan Jones na Lloyd Newman, wakarekodi maisha ya mtaa wao katika makala ya Ghetto Life 101. Miaka mitatu baadaye Joe Richman alianza kufanya vivyo hivyo na vijana wa sehemu mbalimbali za nchi. Mbinu hiyo ilileta ukaribu ambao mgeni mwenye maikrofoni hawezi kuupata hata akikaa mwezi mzima, lakini haikupunguza kazi, kwa kuwa saa zilizookolewa wakati wa kurekodi zilirudi zote wakati wa kusikiliza na kuchagua.

Mwaka 2014 ndio uliobadilisha ukubwa wa soko. Mwezi Oktoba wa mwaka huo watayarishaji wa kipindi cha redio This American Life walitoa podikasti iitwayo Serial, ambamo mwanahabari Sarah Koenig alichunguza katika matoleo 12 kesi moja ya mauaji ya mwaka 1999 katika eneo la Baltimore. Wasikilizaji walisubiri kila toleo kama wanavyosubiri sehemu mpya ya tamthilia, na kazi hiyo ikawa podikasti ya kwanza kupata tuzo ya Peabody, ambayo ni ya heshima kubwa katika utangazaji wa Marekani. Kampuni, magazeti na wawekezaji ambao hawakuwahi kujali makala za sauti walianza kuzitafuta, na watayarishaji waliokuwa wakiishi kwa makala mbili tatu kwa mwezi wakaanza kupigiwa simu.

Kazi yenyewe huanza na pendekezo, yaani maelezo mafupi yanayomshawishi mhariri kwamba kuna habari, kuna watu watakaokubali kuisimulia mbele ya maikrofoni, na kuna jambo litakalotokea ambalo msikilizaji atataka kulijua mwisho wake. Hapo pana mtego, kwa kuwa ili aandike pendekezo lenye kushawishi, mtayarishaji lazima awe tayari amefanya sehemu ya utafiti, tena kwa fedha zake. Mapendekezo mengi hukataliwa, na kila linalokataliwa huwa na saa ambazo hakuna atakayezilipa. Wahariri wengine huomba hata sampuli ya sauti ya mhusika mkuu, jambo linaloeleweka kwa upande wao, maana mtu anaweza kuwa na kisa kizito na bado akawa msimulizi mkavu, lakini kwa anayejitegemea ni sawa na kuombwa afanye kazi kwanza kisha ndipo aulizwe kama aajiriwe.

Kurekodi ni hatua ambayo ustadi wake hauonekani kwa asiyeijua. Mtayarishaji huingia katika chumba cha mhojiwa na kwanza husikiliza: friji inayonguruma, feni ya darini, jenereta ya jirani, barabara. Vyote vinavyozimika huombwa vizimwe, na mazoea ya watu wa fani ni kuacha ufunguo wa gari ndani ya friji iliyozimwa ili wasiondoke bila kuiwasha tena. Chumba chenye zulia, mapazia na vitanda hupendelewa kuliko sebule yenye sakafu ya vigae, kwa sababu vigae hurudisha mwangwi ambao hauondoki vizuri hata kwa programu za kisasa. Maikrofoni huwekwa karibu na kinywa, kiasi cha upana wa kiganja hivi, pembeni kidogo ili pumzi ya herufi kama p na b isiipige moja kwa moja, na mtayarishaji huvaa hedifoni muda wote, maana sikio lisilovaa hedifoni huzoea kelele na kuzipuuza, ilhali kinasa sauti hakipuuzi kitu. Mahojiano yakiisha, wote hunyamaza kwa dakika moja hivi ili irekodiwe sauti ya chumba, yaani ule uvumi mdogo wa mahali unaodhaniwa kuwa ni kimya. Bila uvumi huo, sentensi mbili zilizokatwa na kuunganishwa huacha shimo kati yake, na msikilizaji huhisi kwamba kuna kilichotolewa hata kama hawezi kusema ni nini.

Maswali nayo ni tofauti na ya gazeti. Mwandishi wa gazeti akiambiwa “ndiyo, ilikuwa asubuhi” anaweza kuandika mwenyewe kwamba tukio lilitokea asubuhi, lakini mtayarishaji wa sauti anahitaji mhojiwa aseme sentensi kamili, kwa mpangilio, akitaja alichokiona, akiwa amesimama pale tukio lilipofanyika ikiwezekana, na akifanya kitu chenye sauti: akifungua lango, akipekua makaratasi, akimwita mtoto. Sauti hizo si mapambo, kwa sababu ndizo zinazomweka msikilizaji mahali fulani, na makala iliyokosa sauti za mahali hubaki kuwa hotuba hata ikiwa na habari kubwa kiasi gani.

Kisha huja kusikiliza, na hapa ndipo saa nyingi zaidi huishia. Kila rekodi hunakiliwa kwa maandishi, kazi ambayo kwa mkono huchukua takribani saa nne kwa kila saa moja ya sauti, na ingawa siku hizi programu za kompyuta hunakili Kiingereza kwa dakika chache, hujikwaa vibaya mno katika Kiswahili cha mtaani, hasa pale mzungumzaji anapochanganya lugha. Hata palipo na nakala nzuri, mtayarishaji mwenye uzoefu husikiliza tena kwa masikio, kwani karatasi haionyeshi kigugumizi, kicheko cha uongo wala pumzi iliyovutwa kabla ya jibu. Ndipo huandikwa mswada, ambao ni mpangilio wa vipande vya sauti na maneno ya msimulizi ya kuviunganisha. Mswada husomwa kwa sauti mbele ya mhariri, huvunjwa, huandikwa upya mara kadhaa, na mwisho sauti zote huchanganywa ili viwango vyake vilingane na muziki usimfunike mtu. Anayejitegemea mara nyingi hufanya haya yote peke yake, kwa malipo ya mtu mmoja.

Malipo yenyewe hupangwa kwa dakika zilizorushwa, kwa siku za kazi au kwa mradi mzima. Mfumo wa dakika, ambao umezoeleka sana katika redio za umma, humwadhibu aliye makini, kwa kuwa makala ya dakika 8 iliyochukua saa 16 na ile iliyochukua saa 80 hulipwa sawasawa, na yeyote anayelazimika kulipa pango mwisho wa mwezi hujifunza haraka ni mada zipi zina saa chache. Kinachowaweka wengi mjini ni vibarua vidogo, maarufu kati yake kikiwa cha kurekodi upande wa pili: mtangazaji yuko New York, mhojiwa yuko Mombasa, wanazungumza kwa simu, na mwanahabari wa Mombasa hukaa kimya kando ya mhojiwa akimshikia maikrofoni, kisha hutuma faili ili sauti mbili zilizo safi ziunganishwe kana kwamba watu hao walikaa meza moja. Janga la korona la mwaka 2020 lilipunguza kibarua hicho, kwani watayarishaji waligundua kwamba mhojiwa anaweza kujirekodi kwa simu yake, na ubora ukashuka kwa kiasi ambacho wahariri wengi walikubali kukivumilia.

Mkataba ndio unaoamua mengine. Kipengele muhimu ni malipo ya kazi iliyokatishwa, yaani sehemu ya bei ambayo mnunuzi hulipa akiamua kutoirusha kazi aliyokwisha kuiagiza. Kipengele kingine ni hakimiliki. Kwa sheria ya Marekani ya mwaka 1976, kazi ya mtu asiyeajiriwa kwa kawaida ni mali yake mpaka atie saini ya kuiachia, lakini kampuni nyingi huweka kifungu kinachoihesabu kazi hiyo kuwa ya mwajiri tangu mwanzo, na kifungu hicho kimekuwa na uzito zaidi tangu podikasti zianze kugeuzwa tamthilia za televisheni, kama ilivyokuwa kwa Dirty John, iliyotoka kwa sauti mwaka 2017 na kufika kwenye televisheni mwaka 2018. Jiji la New York nalo lilipitisha sheria, iliyoanza kutumika mwaka 2017, inayotaka kazi ya thamani ya dola 800 au zaidi iwe na mkataba wa maandishi na ilipwe ndani ya siku 30 ikiwa mkataba hautaji tarehe nyingine.

Thamani ya saa hizo inaonekana wazi katika podikasti ya In the Dark. Kwa msimu wake wa pili wa mwaka 2018, Madeleine Baran na wenzake walihamia Mississippi kwa karibu mwaka mzima ili kuchunguza kesi ya Curtis Flowers, aliyeshtakiwa mara sita na mwendesha mashtaka yuleyule kwa mauaji ya watu wanne ya mwaka 1996. Walikusanya kumbukumbu za kesi za miaka mingi kutoka mahakama za eneo hilo, wakaonyesha kwamba ofisi ya mwendesha mashtaka huyo iliwaondoa watu weusi katika baraza la mahakama kwa kiwango kinachozidi mara nne kile cha weupe. Mwaka 2019 Mahakama ya Juu ya Marekani ilitengua hukumu ya Flowers, na mwaka uliofuata mashtaka yakafutwa. Mwaka 2022 shirika la redio ya umma lililokuwa likiwaajiri likaifunga podikasti hiyo. Jarida la The New Yorker liliichukua mwaka 2023, na mwaka 2025 msimu wake wa tatu, kuhusu mauaji ya raia mjini Haditha nchini Iraq, ukapata tuzo ya Pulitzer. Hakuna mtayarishaji anayejitegemea ambaye angeweza kufanya kazi ya ukubwa huo kwa bei ya dakika. Ilihitaji mshahara, na hata mshahara haukudumu.

Soko lililopanda baada ya Serial lilishuka kwa kasi ileile. Spotify, iliyonunua kampuni ya Gimlet mwaka 2019, iliwapunguza wafanyakazi 200 wa idara yake ya podikasti mwaka 2023, na mwaka huohuo NPR ikapunguza takribani asilimia 10 ya wafanyakazi wake na kusimamisha podikasti za simulizi kama Invisibilia na Rough Translation. Mwaka 2025 Bunge la Marekani likafuta dola bilioni 1.1 zilizokuwa zimetengewa utangazaji wa umma. Waliopoteza ajira waliingia katika soko la wanaojitegemea, ambako wanunuzi walikuwa wamepungua. Pamoja na hayo, itakuwa kosa kuwaona wanaojitegemea kuwa ni akiba ya walioachishwa tu: tuzo ya kwanza kabisa ya Pulitzer kwa uandishi wa sauti, ya mwaka 2020, ilikwenda kwa This American Life pamoja na Molly O'Toole wa Los Angeles Times na Emily Green, mwanahabari wa kujitegemea, kwa kipindi kuhusu waomba hifadhi waliolazimishwa kusubiri kesi zao nchini Mexico.

Kuna gharama nyingine isiyohesabika kwa fedha, nayo ni ukweli. Sauti ya binadamu huaminika upesi kuliko maandishi, na kwa sababu hiyo hudanganya vizuri zaidi. Podikasti ya Caliphate, iliyotolewa na New York Times mwaka 2018, ilijengwa kwa sehemu kubwa juu ya masimulizi ya mtu wa Canada aliyedai kuwa alikuwa muuaji wa kundi la Dola la Kiislamu. Desemba 2020 gazeti lilikiri kwamba masimulizi hayo hayakuthibitika, na tuzo ya Peabody ambayo podikasti hiyo ilikuwa imepata ikarudishwa. Ikiwa chumba cha habari chenye wahariri wengi kiasi hicho kiliweza kuteleza, anayefanya kazi peke yake ana sababu kubwa zaidi ya kuogopa, hasa kwa kuwa yeye hana wakili wa ofisi wala mtu wa kuhakiki, na kila simu ya kuthibitisha tarehe au jina huongezwa kwenye saa zilezile zisizolipwa.

Katika Afrika Mashariki redio bado ndiyo mfalme, na podikasti ya makala ni ngeni kuliko ya mazungumzo. Nchini Tanzania Kanuni za Maudhui ya Mtandaoni za mwaka 2018, ambazo nafasi yake ilichukuliwa na nyingine mwaka 2020, ziliweka leseni kwa blogu na kwa redio na televisheni za mtandaoni, na ada ya mwenye blogu ilikuwa shilingi milioni moja kwa mwaka, kiasi kikubwa kwa mtu anayeanza kwa kinasa sauti kimoja. Wengi wa wanaojitegemea katika eneo hili huishi kwa kuuza kwa mashirika ya nje, ambako lugha ya kazi ni Kiingereza, na hapo mhojiwa wa Kiswahili husikika kwa sekunde chache tu kabla sauti yake haijashushwa na kufunikwa na ya msomaji wa tafsiri.

Anayetayarisha kwa Kiswahili huliepuka hilo mpaka pale anapofika kwa mzee anayezungumza Kimakonde au Kimaasai peke yake. Hapo Kiswahili chenyewe ndicho kinachofunika. Mfasiri aliyekuwapo wakati wa mahojiano mara nyingi ni ndugu au kiongozi wa kijiji, na ana sababu zake za kulainisha majibu, kwa hiyo mtayarishaji mwangalifu hurudi mjini na kumlipa mfasiri mwingine, asiyemjua mzee wala kijiji, asikilize rekodi nzima tangu mwanzo na kuandika kila neno. Katika mikataba mingi malipo ya mtu huyo wa pili hayana mstari wake.